Labodi ipi?

Umeme ulikuwa umekatika Changamwe nzima, simu yangu imebakiwa na chaji asilimia 30, na mimi nimekaa barazani namwonyesha Baba video za meli zinazozama. Najua si jambo la kumwonyesha mzee wa miaka 80 gizani, lakini aliomba mwenyewe. Tangu astaafu bandarini hana haja na taarifa ya habari. Ukitaka asahau magoti yake kwa nusu saa, mtafutie meli.

Ya tatu au ya nne ilikuwa Oceanos. Huenda nawe umeiona, maana inazunguka sana mitandaoni. Meli nyeupe ya abiria imelalia ubavu, omo, yaani mbele yake, limeshamezwa na maji, tezi, yaani nyuma, linanyanyuka taratibu hadi rafadha zinabaki hewani, halafu yote inateleza chini kama kisu kinachorudi alani.

Baba akasema, "Hii nimeipakia mimi."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hii ilikuwa meli ya kampuni ya Wagiriki, Epirotiki, ya kutembeza watalii, na ilizama Afrika Kusini mwaka 1991, wakati yeye ameshaacha kubeba gunia zamani.

"Wagiriki ni juzi," akanijibu. "Hiyo ni ya Wafaransa. Labodi."

Simu ikazima.

Niliingia kulala nikijiambia mzee ameanza kuchanganya. Lakini neno lenyewe halikulala. Labodi. Wiki saba nimetembea nalo, na siwezi kudanganya: nilipoanza kutafuta, nilitafuta ili nimkosoe.

Jina chini ya rangi

Ilinichukua chini ya saa moja kugundua kwamba aliyekosea ni mimi.

Kabla ya kuitwa Oceanos, meli ile ilikuwa Jean Laborde. Iliundwa Bordeaux mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Messageries Maritimes, kampuni kubwa ya meli ya Ufaransa, na kazi yake ilikuwa njia ya Bahari ya Hindi: Marseille, mfereji wa Suez, Djibouti, kisha kushuka pwani yetu hadi Madagascar, Réunion na Mauritius. Mombasa ilikuwa mojawapo ya vituo. Jean Laborde mwenyewe alikuwa Mfaransa wa karne ya 19 aliyemfanyia kazi Malkia Ranavalona wa Kwanza kule Madagascar, akamjengea viwanda vya mizinga na vitu vingine. Kwa kuli wa Kilindini, bandari ya Mombasa, jina hilo halikuwa na historia yoyote. Jean ikaangushwa, Laborde ikasagwa ulimini, ikatoka Labodi.

Iliuzwa mwaka 1970. Wagiriki walioinunua kwanza waliiita Mykinai, ikawa feri. Baadaye ikawa Ancona, halafu Eastern Princess, na mwaka 1976 ikaingia mikononi mwa Epirotiki na kupewa jina la mwisho.

Majina matano, kwa chombo kimoja. Binadamu akiwa na majina matano tunamwuliza anakimbia deni gani.

Nguo za mitumba za baharini

Hapo ndipo Wagiriki waliponinasa, kwa sababu nilidhani Oceanos ni kisa cha peke yake. Kumbe ndiyo ilivyokuwa biashara yenyewe.

Epirotiki ilikuwa mali ya ukoo wa Potamianos, watu wenye asili ya Epirus kaskazini magharibi mwa Ugiriki, walioanza kazi ya meli kwenye mto Danube karne ya 19. Mwaka 1954 walianza kuwatembeza watalii katika visiwa vya Ugiriki kwa meli ndogo iitwayo Semiramis. Jina la malkia, lakini chini ya rangi alikuwa Calabar, chombo cha mwaka 1935 cha Elder Dempster, kampuni ya Waingereza iliyohudumia Afrika Magharibi. Kwa maneno mengine, watalii waliokwenda kustarehe Rhodes na Krete walipanda meli iliyozeekea katika bandari za Waafrika.

Na hivyo hivyo wakaendelea. Argonaut ilikuwa jahazi la anasa la tajiri mmoja wa Marekani, limeundwa Kiel mwaka 1929, likatumikia jeshi la majini vitani, kisha likaja kubeba watalii. Orpheus ilitoka kwenye njia za Ireland. Atlas ilikuwa Ryndam ya Waholanzi. Jupiter ilikuwa Moledet ya Israel. Wapake rangi, waongeze vyumba na bwawa dogo la kuogelea, watundike jina la mungu.

(Nacheka hapa: Wagiriki, wenye Zeus wao na Poseidon wao, wakaziita meli zao Jupiter na Neptune, kwa Kirumi. Mteja ni mfalme.)

Bei ilikuwa nzuri kwa sababu ndege za jeti ziliwaua wenye meli za abiria. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyekuwa akipanda meli wiki tatu kwenda Mombasa alikuwa anafika kesho yake. Meli imara za miaka 15 zikawa hazina kazi. Mgiriki akazinunua, akazipeleka kwa mafundi wa Perama, kando ya Piraeus, nao wakazigeuza. Sheria ya nchi yake ikamlinda pia: kwa miaka mingi ni meli yenye bendera ya Ugiriki pekee iliyoruhusiwa kuanzia na kumalizia ziara ya kitalii katika bandari za Ugiriki.

Wala si Epirotiki peke yao. Kenya Castle ya Union-Castle, wazee wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja wanaikumbuka, ilikuwa ikilizunguka bara lote la Afrika. Mwaka 1967 ikanunuliwa na ukoo mwingine wa Kigiriki, Chandris, ikawa Amerikanis na kutembea Caribbean kwa miaka mingi. Ilikwenda kukatwakatwa Alang, India, mwaka 2001. Na mara moja mambo yalikwenda kinyume: City of Andros, iliyowahi kutembeza watalii visiwani Ugiriki, ilikuja Mombasa miaka ya 1990 kwa jina la Royal Star. Ile nimeiona kwa macho yangu kutoka Likoni nikiwa mtoto, nikaiona ni mpya kabisa. Ilikuwa ya mwaka 1956.

Miaka mitatu

Mambo ya Epirotiki yaliharibika haraka.

Tarehe 21 Oktoba 1988, jioni, Jupiter ilitoka Piraeus ikiwa na karibu wanafunzi 400 wa Uingereza waliokwenda kuona magofu ya kale. Haijafika mbali ikagongwa na meli ya mizigo ya Italia. Ilizama kwa muda wa dakika 40 hivi. Walikufa watu wanne: mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja na mabaharia wawili wa Kigiriki. Juni 1991 Pegasus ikashika moto ikiwa Venice. Miezi miwili baadaye, Oceanos.

Nilipoyapanga haya nikaona jibu limekaa wazi: meli kuukuu, wenye tamaa, ajali. Nikaandika hata aya mbili za hasira.

Nikazifuta. Jupiter haikuzama kwa uzee, iligongwa ubavuni. Na Jean Laborde ilipovuka miaka 30 ilikuwa bado inakwenda, mashine zake zikinguruma. Uzee wa meli si umri wake tu. Nilihitaji kujua kilichotokea ndani.

Tundu

Oceanos ilikuwa imekodishwa Afrika Kusini kwa msimu. Tarehe 3 Agosti 1991 ilitoka East London kuelekea Durban, upepo mkali, mawimbi ya mita tisa. Usiku, ikiwa mkabala na pwani ya Transkei, kishindo kikasikika chini, maji yakaingia chumba cha mashine, jenereta zikafa, taa zikazima.

Meli huundwa kwa vyumba vilivyotengwa na kuta zisizopitisha maji, ili kimoja kikijaa vingine viibebe. Ukuta mmoja wa Oceanos, ule unaotenga jenereta na tangi la maji machafu, ulikuwa na tundu la upana wa sentimita 10 hivi lililoachwa wazi baada ya kazi ya mabomba. Na vali za tangi hilo, zile zinazoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, zilikuwa zimefunguliwa kwa matengenezo. Kwa hiyo bahari ilipita kwenye tundu, ikajaza tangi, ikapanda kwa mabomba yaleyale ya choo na bafu hadi vyumba vya juu. Meli ilizama kupitia vyoo vyake.

Nilikaa na jambo hili siku nyingi. Kuna mtu aliliona tundu hilo. Kuna mtu alijua vali zimefunguliwa. Na safari ilikuwa imeuzwa, abiria wapo, ratiba ipo.

Mpiga gitaa

Kinachokumbukwa na watu ni nahodha. Yiannis Avranas alipanda helikopta watu wengi wakiwa bado melini. Alijitetea kwamba amri ya kuiacha meli ikishatolewa ni ya kila mtu, na kwamba alikwenda kusimamia uokoaji kutoka nchi kavu. Uchunguzi uliofanywa Ugiriki haukumkubalia; yeye na maofisa wake kadhaa walipatikana na hatia ya uzembe.

Waliobaki kuongoza walikuwa wale waliolipwa kuimba. Moss Hills, mpiga gitaa, alipanda hadi daraja la nahodha akakuta hakuna mtu. Akashika redio, akaita. Alipoulizwa cheo chake ikabidi aseme ukweli kwamba yeye ni mpiga gitaa. Alfajiri helikopta zikaja, 16 kwa jumla, nyingi za jeshi la anga la Afrika Kusini, zikamnyanyua mtu baada ya mtu kutoka sitaha iliyokuwa imeinama kama paa la nyumba. Wengine waliokolewa kwa mashua na meli zilizokuwa karibu. Siku ya tarehe 4, mchana, Oceanos ikaenda chini karibu na Coffee Bay. Iko hapo hadi leo, kina cha zaidi ya mita 90.

Watu 571. Wote wakapona.

Namba hiyo niliisoma mara tatu, maana sisi wa pwani tumezoea hesabu nyingine.

Nilitaka kumcheka nahodha kama wanavyomcheka wote. Nikamweleza Baba, nikitegemea naye atatema mate. Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Na lile tundu, alilitoboa yeye?"

Sikuwa na jibu. Kumlaumu aliyekimbia ni kazi nyepesi kwa sababu ana sura na jina. Tundu halina sura.

Mwisho wa kampuni niuseme kwa ufupi, maana haunisisimui. Mwaka 1993 wakaungana kwa muda na Carnival ya Marekani, haikudumu. Mwaka 1995 wakaunganishwa na Sun Line, Wagiriki wenzao, ambao meli yao kubwa Stella Solaris nayo ilikuwa mtumba wa Messageries Maritimes, zamani ikiitwa Cambodge. Wakaitwa Royal Olympic. Hapo ndipo walipoamua kununua vipya, meli mbili zenye mbio kutoka Hamburg, Olympic Voyager na Olympic Explorer. Kamati ya Olimpiki ikawabana kwa sababu ya jina. Baada ya Septemba 2001 Wamarekani wakaogopa kusafiri. Kufikia 2004 meli zimeshikwa na wadai. Waliishi miaka 50 kwa vitu vikuukuu, na madeni ya vipya ndiyo yaliyowafunga.

Kisha zikawa mbili

Nilirudi kwa Baba na picha nimezichapisha kabisa, kubwa, Jean Laborde ya Wafaransa upande huu, Oceanos upande huu. Nilikuwa nimejiandaa kuandika makala tofauti na hii: makala juu ya jicho la kuli, jinsi mtu anavyoweza kuitambua meli baada ya nusu karne, chini ya rangi na majina matano.

"Baba, uliitambuaje? Uliona nini?"

"Sikuitambua."

"Lakini ulisema..."

"Mwaka ule ilipozama, alipita baharia mmoja Mgoa, akatuambia pale mlangoni kwamba iliyozama kwa Makaburu ndiyo ile Labodi yetu. Basi. Nikaweka."

Aliweka. Miaka zaidi ya 30 ameliweka neno la baharia, hajasema, mpaka usiku ule wa video.

Sawa. Si jicho, ni sikio. Makala yangu ya kwanza ikafa, nikaanza ya pili kichwani hapohapo, juu ya bandari kama gazeti lisiloandikwa. Ndipo nikakosea kwa kusoma zaidi.

Jean Laborde haikuwa peke yake. Zilikuwa nne, za tumbo moja, zinafanana, njia moja: Ferdinand de Lesseps, Pierre Loti, Jean Laborde, na ya nne.

La Bourdonnais.

Itamke kwa sauti. Itamke kama mtu aliyebeba gunia la kilo 60 na anamwita mwenzake atoke njiani.

La Bourdonnais iliuzwa kwa Wagiriki mwaka 1968, ikaitwa Knossos, ikaungua mwaka 1973. Haina video. Na kama hiyo ndiyo Labodi ya Kilindini, basi baharia alichanganya, na Baba hakuwahi kuigusa Oceanos maisha yake yote. Au waliziita zote mbili hivyo. Au baharia alikuwa sahihi kabisa. Nilikaa wiki mbili bila kumwambia. Nilijiuliza nampa nini mzee nikimpa shaka hii. Alikuwa ameanza kuwasimulia majirani.

Mkate

Nilimwambia Jumapili, baada ya alasiri. Nikamsomea majina polepole. Jean Laborde. La Bourdonnais.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Zote Labodi," akasema.

"Sasa wewe ulipakia ipi?"

Akafikiri. "Ile ya mkate. Tulikuwa tunapakia kahawa, gunia kwa gunia, neti inashuka hachini, tumboni mwa meli. Saa sita wapishi wanatokea pale juu, mikate mirefu kama marungu, ya moto, wakitupa."

"Wakiwapa ninyi?"

"Wakitupa."

"Wakiwarushia?"

"Mwanangu, wewe si umesoma? Wakitupa. Wanatoa juu, inafika chini. Nyingine unaidaka, nyingine inaingia maji."

Nikamweleza kwamba meli zote nne zilikuwa za Wafaransa, na pengine zote zilioka mikate ya namna hiyo, kwa hiyo mkate hauamui kitu.

"Basi zote nimezipakia," akasema, akaniomba simu.

Umeme ulikuwepo siku hiyo, chaji imejaa. Tukaiangalia tena, yeye akiishika karibu na pua. Tezi lilipoanza kunyanyuka akanishika mkono nisimamishe. Nikasimamisha. Rafadha zilikuwa nje, sehemu yote ya chini imefunuka, inang'aa kwa maji.

"Huku sikuwahi kukuona," akasema. "Sisi tulikuwa tunaona juu tu."